Mwaka wa Kuimbia Moyoni

Mapenzi yana ujinga wake, jamani, na kila mtu hupewa wa kwake. Wengine huuza viwanja, wengine hugombana na ndugu. Ujinga wa Chiriku ulikuwa wa kunyamaza.

Jumamosi ile, siku moja kabla ya Majilio, majuma yale manne ya kuingojea Krismasi, alikuwa amesimama mbele ya meza ya pasi katika chumba chake cha ushonaji, ananyoosha majoho mapya ya kwaya moja baada ya jingine, anatabasamu peke yake. Cherehani alishaifunika. Vipande vya kitambaa cha zambarau vilikuwa vimetapakaa sakafuni. Majoho yote aliyakunja akayapanga kwenye mfuko, isipokuwa moja. Hilo alilitundika ukutani, akalitazama, akalishika mkono wa kushoto, akalitazama tena.

Shangazi yake alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, anachambua vifungo. Kwa damu alikuwa dada wa mama yake, Shangazi lilikuwa jina la mazoea tu; ndiye aliyemlea tangu mama huyo alipomwacha akiwa hajaota hata meno, na mama huyo alikwenda zake bila kumtaja baba wa mtoto ni nani. Shangazi alikuwa na mdomo mkali na moyo laini, na siku zote mdomo ndio uliotangulia.

"Hilo nalo la nani, mbona limepewa heshima ya ukutani?"

"La mwimbaji kiongozi."

"Ndiye nani?"

Chiriku akacheka chini chini. "Shangazi nawe! Mama Mwenyekiti kaniambia nishone moja la ziada, lenye utepe mweupe shingoni. Nikamwomba vipimo. Akaniambia, 'Wewe shona tu, la mwimbaji kiongozi, hujui?' Sasa mimi nijue vipimo vya nani kama si vyangu?"

"Kwa hiyo umelishona kwa mwili wako."

"Kwa mwili wangu."

Shangazi akatupa kifungo ndani ya kopo. "Mwanangu, usikate mbeleko mtoto hajazaliwa."

"Mtoto anazaliwa kesho, Shangazi! Mwaka umekwisha. Na Mwalimu mwenyewe kaniandikia: 'Njoo baada ya mazoezi, tuzungumze, ni muhimu.' Ni nini tena kama si tangazo la ndoa?"

"Kama ni ndoa, angekuja hapa kwangu na wazee wake. Mambo ya ndoa hayaitiwi mtu kanisani kama mtoto wa kipaimara aliyekosa somo."

"Mama Mwenyekiti aliahidi."

"Huyo!" Shangazi akaguna. "Huyo anampaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Haya, nenda. Lakini vaa viatu vya kutembelea, usivae vya kuchezea ngoma."

Niwaambie mwaka huo ulikuwa mwaka gani, ili msije mkamhukumu mtoto wa watu bure.

Katika usharika ule wa Kilutheri, Chiriku alianza kuimba akiwa mdogo wa shule ya Jumapili, na jina hilo alipewa huko huko. Alipokua akawa sauti ya kwanza ya kwaya kuu. Alipoimba, wazee waliosinzia waliamka, na hata watu wa benchi la nyuma, wale wanaokuja kusubiri baraka tu, walinyanyua nyuso. Kisha akaja Mwalimu wa kwaya, kijana wa vidole virefu na maneno machache, mpiga kinanda. Baada ya mazoezi walibaki wawili wakitunga wimbo, yeye kwenye kinanda, Chiriku amesimama ubavuni. Wimbo ulikuwa wa mtu anayengoja mlango ufunguliwe. Mwishoni ulipanda juu sana, mahali ambapo koo la Chiriku peke yake lilifika. Na pale pale, kati ya ubeti na ubeti, wakapendana.

Kwaya ilikuwa na kanuni yake ya zamani: mwalimu asichumbiane na mwanakwaya wake, na ikitokea, mwanakwaya atoke. Aliyeikumbuka kanuni hiyo ni mwenyekiti wa kwaya, na mwenyekiti wa kwaya ndiye mama mzazi wa Mwalimu. Hakupiga kelele. Aliwaita nyumbani kwake, akawamiminia chai, akamshika Chiriku mkono.

"Sina kinyongo nawe, mwanangu. Ila wewe umebatizwa kwa jina la mama peke yake, kila mtu analijua hilo. Ukiingia nyumbani kwangu haraka haraka, watu watasema nini? Toka kwenye kwaya, kaa mwaka mmoja, Majilio hadi Majilio. Mkivumilia, mimi mwenyewe nitakwenda kwa mchungaji kuwaandikisha. Subira yavuta heri."

Chiriku akatoka. Akakaa benchi la nyuma. Lakini hata kule nyuma, wimbo ukianza, sauti yake ilipanda juu ya sauti zote na shingo za watu zikageuka. Mwalimu akamfuata baada ya ibada, chini ya ngazi za mnara wa kengele.

"Mpenzi, ukiimba kule nyuma kwaya yangu inapotea. Mama anasema unafanya makusudi. Imbia moyoni. Mungu anasikia hata cha moyoni."

"Nyumbani je? Nikiwa kwenye cherehani?"

"Nyumbani nako kuta zina masikio. Ni mwaka mmoja tu. Utaniimbia maisha yote."

Nani angekataa maneno kama hayo? Krismasi Chiriku alifumbua mdomo bila kutoa sauti. Kwaresima hivyo hivyo. Asubuhi ya Pasaka, kanisa zima liliposimama kushangilia, aliuma leso hadi ikalowa. Sikukuu ya Matengenezo ya Kanisa, siku ambayo hata viziwi huimba, alitoka nje akajifanya anambembeleza mtoto wa jirani. Kwenye cherehani alishona kimya, na mguu wake ukapiga mapigo ya nyimbo asizoziimba. Alikuwa na furaha, msidhani hakuwa nayo. Kila Jumapili iliyopita aliihesabu kama sehemu ya mahari anayomlipia mwanamume wake.

Basi siku hiyo akabeba mfuko wa majoho, lile moja akalilaza mkononi lisikunjamane, akaenda.

Alipofika uwanja wa kanisa alisikia wimbo kutoka ndani, akasimama. Ulikuwa ni wimbo wake. Wimbo wao. Ulikuwa unaimbwa na sauti nyembamba, safi, isiyo na kosa wala na joto. Na ulikuwa umeshushwa. Pale mwishoni, mahali pa kupanda, ulipita chini kwa chini kama mtu anayeinama asigonge kizingiti. Chiriku akajiambia: anawapumzisha makoo, kesho watauimba sawasawa. Ndivyo tulivyo tukipenda, tunamtafutia mtu udhuru kabla hajauomba.

Akaingia. Mishumaa minne ya Majilio ilishasimikwa karibu na altare, haijawashwa. Mama Mwenyekiti alikuwa benchi la mbele, miwani puani. Mwalimu alikuwa kwenye kinanda. Alimwona Chiriku, akateremsha macho kwenye karatasi zake za nyimbo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Fundi wangu wa mikono ya dhahabu! Jamani, majoho yamefika!"

Wanakwaya wakamzunguka. Wakagawana, wakavaa, wakajishangilia. Mama Mwenyekiti akanyoosha mkono. "Na lile la ziada?"

"Hili hapa, mama." Akaunyoosha utepe mweupe kwa kidole kabla ya kumpa.

Mama Mwenyekiti akalipokea, akalikung'uta, akaita kwa sauti ya furaha: "Mkwe wangu! Njoo ujaribu!"

"Abee, mama," akaitika Chiriku, akapiga hatua mbele.

Wanakwaya wakatazamana. Kisha mtu mmoja wa sauti ya pili akacheka puani, akajifanya anakohoa. Kwa sababu kutoka safu ya kwanza alikuwa anateremka msichana mrefu, mtulivu, aliyejiunga na kwaya baada ya Pasaka. Alikuwa mfamasia wa duka la dawa la pale konani, binti wa mkuu wa jimbo. Baba yake alijulikana, babu yake alijulikana, hata mbwa wao alijulikana.

"Abee, mama," naye akaitika.

Mama Mwenyekiti hakumtazama Chiriku. Alimvisha mfamasia joho kwa mikono yake mwenyewe. Mabega yalimbana. Mikono iliishia juu ya vifundo. Pindo lilikomea chini kidogo ya magoti.

"He! Fundi, mbona hivi? Ulipima kwa nani, mwanangu?"

Kila mwenye macho alikuwa ameshaona ni mwili wa nani. Mama Mwenyekiti naye alikuwa ameona. Aliuliza tena, kwa upole ule ule. "Mwanangu, ulipima kwa nani?"

"Nilikosea, mama."

"Basi si neno, binadamu tumeumbwa kukosea. Si unazo pini? Mshushie pindo hapa hapa, tuone."

Chiriku akapiga magoti. Katika mwaka mzima wa kungoja alikuwa amejiona mara nyingi akipiga magoti mbele ya altare ile, na mwanamume fulani pembeni yake. Sasa alipiga magoti miguuni pa msichana wa watu, pini zikiwa kati ya midomo yake, akafumua mshono alioushona kwa mapenzi, akaushusha mpaka mwisho wa kitambaa. Bahati nzuri aliacha akiba ya kutosha ndani. Fundi mzuri huacha akiba.

Mfamasia aliinama, akanong'ona kwa wema wa kweli, na wema huo ndio uliochoma zaidi: "Dada, Mwalimu kaniambia wewe ndiwe uliyekuwa ukiuimba huu wimbo zamani. Kwa nini uliacha?"

Chiriku akatoa pini mdomoni. "Koo."

"Maskini! Pitia dukani Jumatatu, nikutafutie dawa."

"Asante, dada."

Watu wakatawanyika. Wengine walimpa Chiriku mkono kwa haraka, kama watu wanaotoka msibani wakiwa wamechelewa kazini. Mama Mwenyekiti akamchukua mkwe wake, akamwambia mwanawe, "Usichelewe," akatoka. Mlango ukafungwa. Muda wote ule Mwalimu alikuwa akipanga karatasi zile zile.

"Umesikia," akasema hatimaye.

"Nimemsikia mama yako. Wewe sijakusikia bado."

"Nilitaka nikuambie mwenyewe kabla. Ndiyo maana nilikuita. Mama kawahi."

"Tangu lini?"

"Usiniulize hivyo."

"Nimeuliza tangu lini, Mwalimu."

"Tangu Pentekoste."

Chiriku akakaa kwenye ngazi ya kwaya. "Pentekoste. Siku ile ulinipungia mkono toka kwenye kinanda. Nilikwenda nyumbani nikamwambia Shangazi, kanipungia mbele za watu."

"Nilikuwa nakusalimia tu."

"Mimi nilishinda na salamu hiyo wiki nzima." Akajifuta uso kwa kiganja. "Haya, niambie jambo moja. Yule naye ni mwanakwaya. Kanuni inasemaje?"

"Kanuni imeondolewa."

"Na nani?"

"Kikao cha kwaya."

"Nani alipeleka ombi?"

Mwalimu akabonyeza noti moja ya kinanda kilichozimwa. Haikutoa sauti. "Mimi."

"Kikao kilikuwa kirefu? Mlibishana?"

"Hakuna aliyebisha. Ilikuwa kanuni ya zamani, wengine hata walikuwa hawaijui. Nilisimama nikaomba, wakapiga makofi, tukafunga kwa sala."

Chiriku akacheka. Kicheko kilitoka kikavu, kikamshtua hata yeye. "Kumbe mlango ulikuwa wa kusukuma tu! Mwaka mzima nimekaa nje nikidhani umefungwa kwa kufuli, kumbe ulikuwa wa kusukuma! Kwangu mbona hukusimama?"

"Mama alikuwa amekasirika."

"Wewe je?"

"Mimi sikuwa na uhakika."

"Lakini wa kuninyamazisha ulikuwa nao."

"Usiseme hivyo. Nilikupenda. Nisikufiche, nilianza kuipenda sauti yako, ndipo nikakupenda wewe." Alisema polepole, na lililokuwa baya ni kwamba alikuwa anasema kweli. "Halafu ukakaa kule nyuma, Jumapili hata Jumapili, kimya. Nikawa nikikutazama nakuona kama muumini mwingine yeyote. Sijui lilikwendaje. Siku moja nilikutafuta ndani yangu nisikuone."

Chiriku alimtazama mtu huyo aliyemwambia anyamaze, kisha akaacha kumpenda kwa kuwa amenyamaza. Alitafuta tusi. Shangazi alikuwa amemlea na matusi ya kutosha, lakini hata moja halikuja.

"Kwa hiyo umeniita kuniaga."

"Hapana. Kuna jambo jingine." Mwalimu akasogea kwenye kiti chake, akapata uchangamfu kidogo, kama watu wapatavyo wakifika kwenye shida zao wenyewe. "Sasa hakuna kizuizi tena. Unaona? Wewe na mimi hatuchumbiani, kwa hiyo unaweza kurudi kwaya. Nimeshazungumza na mama, hana neno."

"Nirudi kwaya."

"Siku ya arusi bibi arusi hawezi kujiimbia mwenyewe. Na mimi ule wimbo nataka uimbwe kama tulivyoutunga, juu kule. Niliushusha kwa ajili yake, hafiki. Hakuna mwingine anayefika ila wewe."

Ungekuwa wewe, ungemzaba kofi. Hata mimi. Lakini mtu aliyenyang'anywa kila kitu hupapasa mfukoni kuona kilichobaki, na Chiriku alipopapasa alikuta kitu kimoja. Amemkosa mwanamume. Amekosa tangazo, joho, na jina la kuitwa mkwe. Ile sauti ilikuwa yake bado. Hiyo hakupewa na mtu. Akataka kumwonyesha alichotupa.

"Washa kinanda," akasema.

"Si lazima leo."

"Washa. Weka pale pale tulipokuwa tunaanzia."

Mwalimu akawasha, akapiga utangulizi. Chiriku akasimama ubavuni pake kama zamani, akavuta pumzi, akaanza.

Ubeti wa kwanza ulikuja na mikwaruzo, naye akasema moyoni, ni vumbi, litatoka. Wa pili pumzi ilimwishia katikati ya mstari. Akameza mate, akaendelea. Wimbo ukaanza kupanda. Akakaza tumbo, akanyoosha shingo, akaifuata ile noti ya juu mahali alipoiacha, akaifungulia mdomo. Sauti ikakatika kama uzi uliooza. Kilichotoka ni upepo tu na mlio mdogo mbaya.

"Tena," akasema.

Mwalimu akarudia. Ikakatika pale pale.

"Tena!"

Safari hii hakupiga. Aliondoa vidole. Na uso wake, Mungu amsamehe, ukafanya kile ambacho uso wa mwanamuziki hufanya wenyewe ukisikia noti iliyokosewa: ukajikunja, kisha ukawa na adabu. Akazima kinanda. Akateremsha kifuniko chake taratibu, asipige kelele.

"Basi," akasema. "Si lazima. Nitauacha chini ulivyo, watu hawatajua."

"Nipe mwezi mmoja. Nitafanya mazoezi." Alijisikia akiomba. Hata leo hajui alikuwa anaomba nini hasa.

"Arusi si mbali. Nitatafuta njia." Akasimama, akachukua funguo. "Pole. Sauti nayo isipotunzwa, ndivyo inavyokuwa."

"Isipotunzwa," akasema Chiriku.

"Nataka kufunga mlango, mama ananingoja."

Chiriku akalichukua joho lenye pini, akarudi nyumbani, akafungua akiba ya mabega na mikono, akalishona pindo. Ndiyo, alilishona, tena kwa mkono, mshono mdogo mdogo usioonekana, maana kazi ni kazi na jina lake lilikuwa kwenye kazi hiyo. Shangazi alimsogezea taa.

Asubuhi kanisa lilijaa. Mshumaa wa kwanza ukawashwa. Chiriku hakwenda benchi la nyuma. Alipita katikati ya kanisa na viatu vyake vya kutembelea, Shangazi nyuma yake, akaketi benchi la mbele kabisa upande wa kinanda, karibu kiasi kwamba angeweza kumgusa Mwalimu bega. Mwalimu akasogeza kiti chake. Hakikuwa na pa kwenda.

Ukafika wakati wa matangazo. Mchungaji akasoma majina mawili, la bwana na la bibi, akasema, "Tangazo hili ni mara ya kwanza. Mwenye pingamizi la haki na afike ofisini kabla ya tangazo la tatu."

Shingo zote zikageuka, zilezile zilizokuwa zikigeuka zamani kwa ajili ya sauti. Mama Mwenyekiti alikamata pochi yake kwa mikono miwili. Mfamasia, ndani ya joho lililomkaa sawasawa, alishangaa watu wanamtazama nani. Chiriku alikaa kimya, mikono mapajani. Mchungaji akasubiri kidogo kuliko ilivyo kawaida, akafunga daftari, na Mama Mwenyekiti akashusha pumzi.

"Tusimame, tuimbe."

Mwalimu akaanza utangulizi. Waumini wakasimama. Chiriku akasimama, akafungua mdomo, na baada ya mwaka mzima akaimba kwa nguvu zake zote.

Ilikuwa mbaya. Nisiwadanganye kwamba muujiza ulitokea. Sauti ilikwaruza, ikapasuka, ikapotea, ikarudi. Pale sauti ilipopanda ilikatika, na mlio ule mdogo ukasikika hadi mlangoni. Watoto wakacheka. Yule wa sauti ya pili akaficha uso nyuma ya kitabu cha nyimbo. Chiriku hakujali. Pumzi ilipomwishia katikati ya neno alisimama, akavuta nyingine, akaendelea kutoka pale pale alipoachia.

Sasa, jambo moja wasiolijua wasiopiga kinanda kanisani ni hili: mpiga kinanda hawaongozi waumini, anawafuata. Wakivuta, naye avute. Na waumini wale walikuwa wamefundishwa tangu utoto kuifuata sauti moja. Mwalimu alijaribu kwenda mbio ili amwache. Kanisa likabaki na Chiriku. Chiriku alipotua kuvuta pumzi, kanisa zima likatua, na kinanda kikabaki peke yake juu hewani kama mtu aliyeongea neno la aibu watu wakinyamaza. Ikabidi naye atue. Ubeti wa pili akaanza kumngoja. Ubeti wa tatu alikuwa anaungoja ule mpasuko kabla haujafika, mabega yamempanda hadi masikioni. Ubeti wa nne vidole vilipotea. Akagonga noti isiyo yake, akairudia, akaikosa tena.

Mfamasia alimtazama mchumba wake. Akamtazama Chiriku. Akalitazama pindo la joho lake, lile lililokuwa fupi jana. Kisha akaacha kuimba.

Baada ya ibada Mwalimu alimkuta Chiriku nje, kwenye ngazi za mnara wa kengele. Jasho lilikuwa limempita kwenye kola.

"Umefanya makusudi," akasema kwa sauti ya chini. "Umeimba vibaya makusudi, kuniaibisha."

"Hapana."

"Mimi ni mwalimu wa muziki, najua."

"Ungejua, ungenisikia." Chiriku alisema bila hasira, na sauti yake ya kuongea nayo ilikuwa imekauka. "Hiyo ndiyo niliyobaki nayo. Ulisema sauti ikae moyoni, ikakaa, ikaoza huko. Nimekuletea uisikie. Matangazo bado mawili, Mwalimu. Nitakaa benchi lile lile."

"Chiriku, tafadhali."

"Na arusini nitakuja pia. Kanisa halifungiwi mtu."

Shangazi akamshika mkono, wakaondoka. Mama Mwenyekiti alikuwa mlangoni akiita, "Mkwe! Mkwe wangu! Umekwenda wapi?" wala hakuna aliyeitika.

Walitembea mtaa mzima. Shangazi alijikaza, mdomo ukamshinda. "Mwanangu, itarudi hiyo sauti?"

"Sijui, Shangazi."

Walifika kona ya duka la dawa. Lilikuwa limefungwa, ni Jumapili. Hapo ndipo Chiriku alipoketi ukingoni mwa barabara na viatu vyake vya kutembelea, akalia, na hata kilio chake hakikuwa na sauti.